Ufa Unaotembea: Jinsi ya Kukagua Jengo la Kupanga Hapa Nakuru

Ufa ukionekana ukutani, wenye nyumba wengi humpigia fundi simu aje na plasta na rangi. Tumelelewa na msemo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa nyumba ya udongo kule kwa nyanya msemo huo unatosha. Kwa jengo la ghorofa nne lenye wapangaji kila mlango, kuziba ufa kabla ya kuupima ni kumnyima mhandisi ushahidi anaouhitaji. Pima kwanza, andika, subiri, kisha upime tena. Plasta itakuja baadaye.

Mimi husimamia ploti za kupanga upande wa Kaptembwa na Shabab. Kabla ya hapo nimejenga mawe miaka mingi, Kisumu kwanza, kisha hapa. Wapangaji huniita Mama Fundi. Kazi ninayoieleza hapa inaweza kufanywa na msimamizi wa jengo, mwenye nyumba, mwalimu mkuu au mzee wa kanisa, bila kuwa mhandisi. Haichukui nafasi ya mhandisi. Inakusaidia kujua umwite lini na umwonyeshe nini akifika.

Ardhi tuliyoijengea

Nakuru imekaa ndani ya Bonde la Ufa, Menengai ikiwa juu yetu na ziwa chini yetu, na bonde hilo bado linapanuka milimita chache kwa mwaka. Tarehe 6 Januari 1928, Subukia, kaskazini mwa hapa, ilitikiswa na tetemeko la kipimo cha 6.9. Ardhi ilipasuka kwa takriban kilomita 38 kufuata ufa wa Laikipia na Marmanet, na mahali pengine upande mmoja ukashuka zaidi ya mita mbili. Wakati huo Nakuru ilikuwa mji mdogo wa reli. Leo ni jiji la majengo ya kupanga, tena mengi yamejengwa kwa haraka.

Ndugu zetu wa Kisumu nao wasidhani hili ni la Nakuru peke yake. Nyanda za Kano na ghuba yao zimelala kwenye tawi la bonde hilohilo, na tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la 5.9 liliua watu na kubomoa nyumba nyingi Bukoba, ng'ambo ya ziwa lao.

Tetemeko kubwa linaweza kukaa miaka mia moja bila kurudi. Mvua hurudi kila mwaka, na kwa maoni yangu mvua ndiyo inayodhoofisha msingi kabla tetemeko halijafika. Sehemu kubwa ya mji wetu iko juu ya majivu ya volkeno na vijiwe vyepesi vya pumisi. Maji yakipata njia ndani yake huondoka na chembe, yanaacha pango, na siku moja udongo wa juu unaporomoka ndani. Ndiyo maana kila msimu wa mvua kubwa watu wa magharibi mwa mji husikika wakisema ardhi imefunguka, na mara nyingi mpasuko unafuata mstari wa kaskazini kwenda kusini. Mpasuko kama huo haujazwi takataka ukajengewa juu. Ukipita kwenye ploti yako, mhandisi na mtaalamu wa miamba waone kwanza, hata kama umeshalipia mawe.

Kisumu tatizo ni jingine. Ule udongo mweusi wa Nyamasaria na Ahero hufura ukilowa na husinyaa ukikauka. Ufa wa huko unaweza kufunguka Januari na Februari, halafu ukajifunga mvua za Machi zikianza. Ukiupima mara moja tu utadanganyika. Utadhani umepona kumbe msingi unapanda na kushuka.

Daftari kabla ya nyundo

Nunua daftari gumu, la kurasa zilizoshonwa. Kurasa za simu hupotea na simu. Ukurasa wa kwanza chora jengo kwa macho ya juu, kila ghorofa na mchoro wake: nguzo uzipe namba, vyumba uviite wanavyoitwa na wapangaji. Weka pia mashimo ya maji machafu, tangi za maji, na njia ya mfereji wa mvua. Hivi vitatu ndivyo nimeviona vikisababisha shida kuliko saruji yenyewe.

Kisha tembea jengo zima ukiwa na tochi, penseli, rula ya chuma na mtu wa kukushikia vitu. Anzia nje, uzunguke, halafu panda hadi juu kabisa na ushuke ukikagua kila ghorofa. Kila ufa upe namba, uandike ulipo, unaelekea wapi, na upana wake mahali palipo papana zaidi. Kwenye ncha ya ufa, mahali hasa unapoishia, chora kistari kidogo cha penseli na uandike tarehe kando yake. Kistari hicho ni kazi ya sekunde kumi na ndicho kitu chenye faida kubwa kuliko vyote kwenye orodha hii. Ufa ukipita tarehe yako, hakuna wa kubishana nawe.

Piga picha pia, rula ikiwa imeegemea ufa, ukisimama palepale kila mara. Picha isiyo na rula haimwambii mtu kitu.

Mahali pa kukagua kwa makini: pembe za milango na madirisha, mahali ukuta unapokutana na nguzo, chini ya ngazi, chini ya slabu ya kibaraza, mahali jengo la zamani lilipoongezewa chumba au ghorofa, na chumba kilicho karibu zaidi na shimo la maji machafu. Chini ya slabu angalia madoa ya kutu. Kutu ikionekana, chuma kimeshaanza kufura ndani na zege litabanduka.

Ufa unasema nini

Vinyufa vyembamba kama unywele vilivyotapakaa kwenye plasta kama ramani, kwa kawaida ni plasta iliyokauka haraka. Fundi hakuimwagia maji. Andika, kisha endelea.

Ufa wa mlalo chini tu ya slabu ya paa, ghorofa ya juu kabisa, mara nyingi ni jua. Slabu inapanuka mchana na kusinyaa usiku, ukuta haufuati. Pima saa moja asubuhi kisha saa nane mchana, utauona ukibadilika siku hiyohiyo. Ndiyo sababu vipimo vyako vyote viwe vya saa moja ya asubuhi, jua halijapata ukuta.

Ufa unaopanda kwa ngazi kufuata maungio ya mawe, kutoka pembe ya dirisha kwenda kona ya jengo, unaniambia msingi unashuka upande mmoja. Angalia ni mpana zaidi juu au chini. Ukiwa mpana juu, kona inainamia nje. Ukiwa mpana chini, mara nyingi sehemu ya katikati ndiyo inayoshuka. Huu ndio ufa wa kufuatilia kwa vipimo.

Nyufa mbili zinazokatana kama herufi X kwenye kipande cha ukuta kati ya madirisha mawili zinatokana na ukuta kusukumwa kushoto na kulia. Ukiziona baada ya mtikisiko, jengo limefanya kazi ambayo halikuzoea.

Kuhusu upana, mimi hutumia viwango ambavyo wahandisi wengi huvitumia kwa kuta za mawe na matofali: chini ya milimita 1 ni wa kuandika tu, hadi milimita 5 ni wa kufuatilia, na milango huanza kukwama, kuanzia 5 hadi 15 umwite mhandisi, zaidi ya 15 usingoje wiki ipite. Viwango hivi ni vya kuta. Nguzo na boriti havimo. Ufa kwenye nguzo ya zege, hata ukiwa mwembamba, unamwita mhandisi siku hiyohiyo, hasa ukiwa wa wima au mshazari, au zege likiwa limebanduka na vyuma vinaonekana.

Kuupima ufa kama unatembea

Mafundi wa zamani walibandika kipande cha kioo juu ya ufa. Kikivunjika, ufa umetembea. Njia hii bado inafaa ukiifanya vizuri. Bandua plasta hadi kwenye jiwe lenyewe, pande zote mbili za ufa, usugue vumbi, ubandike kioo chembamba kwa gundi ngumu ya kuchanganya, uandike tarehe juu yake. Ukibandika kwenye plasta iliyolegea, plasta itatembea na kioo kitabaki kizima huku jengo linashuka. Lakini kioo kina udhaifu mbili: watoto hukivunja kwa mpira, na hata kikivunjika kwa haki hakikwambii umbali.

Mimi napendelea skrubu tatu. Toboa jiwe, ingiza plagi za plastiki na skrubu za shaba au zisizoshika kutu: mbili upande mmoja wa ufa, moja upande wa pili, zifanye pembetatu yenye pande za kama sentimita kumi. Kisha kwa kalipa ya vernia, ile ya mafundi wa mashine inayosoma sehemu ya kumi ya milimita, pima kutoka skrubu hadi skrubu, pande zote tatu. Andika. Upande ambao skrubu zake mbili ziko ubavu mmoja wa ufa haupaswi kubadilika. Ukibadilika ujue umepima vibaya au skrubu imelegea. Pande mbili nyingine zinakueleza kama ufa unafunguka, au upande mmoja unateleza chini, au yote mawili. Kwa mfano, ikiwa Januari ulisoma 102.4 na 98.7, na Mei unasoma 103.5 na 99.6, ufa unafunguka, na hilo si jambo la plasta.

Kalipa ya bei nafuu inapatikana kwenye maduka ya vifaa mjini. Ikikushinda, misumari midogo ya zege na rula ya chuma itakupa nusu milimita, na nusu milimita bora kuliko macho.

Wiki nne za kwanza pima kila wiki. Baadaye kila mwezi. Usitoe hukumu mpaka umepita msimu mmoja wa kiangazi na mvua za masika. Kukitokea mtikisiko, au bomba kupasuka, au jirani kuanza kuchimba msingi mkubwa ubavuni mwako, pima siku hiyo.

Kipimo cha pili ni cha kushuka kwa sakafu, na hapa fundi yeyote wa mawe anaijua kazi: mpira mwembamba wa maji unaoonekana ndani. Ujaze maji polepole hadi pasiwe na kiputo hata kimoja, maana kiputo kimoja kinakudanganya. Chagua nguzo moja iliyo mbali na shida, piga msumari mfupi wa zege kwenye usawa wa kiuno. Shikilia maji yalingane na msumari huo, na msaidizi wako aende na ncha ya pili kwenye nguzo inayofuata, apige msumari maji yanapotulia. Zunguka nguzo zote za chini hivyo, urudi ulipoanzia. Ukirudi na maji yakawa juu au chini ya msumari wa kwanza, rudia yote. Miezi mitatu baadaye rudia, na kila nguzo uandike maji yako milimita ngapi juu ya msumari wake. Msumari uliobaki chini ya maji ndio uliokaa kwenye nguzo inayoshuka.

Cha tatu ni timazi, uzi wenye uzito nchani, wa kuonyesha kama jengo linainama. Ning'iniza kutoka ukingo wa paa kwenye kila kona ya nje, upime mwanya kati ya uzi na ukuta juu na chini. Upepo wa Nakuru alasiri haukupi nafasi, kwa hiyo fanya mapema na utumbukize uzito wa timazi kwenye ndoo ya maji. Uzi utatulia kwa dakika moja.

Ufa wa ngazini

Nitaeleza jengo moja kwa sababu linaonyesha vipimo hivi vikifanya kazi pamoja. Lina ghorofa tatu juu ya maduka. Mpangaji wa ghorofa ya kwanza alinisimamisha ngazini. "Mama Fundi, huu ufa ulikuwa unaishia hapa kwa swichi. Sasa umepita." Kweli ulikuwa umepita swichi kwa kama upana wa kiganja, na ulipanda kwa ngazi kuelekea kona ya nyuma. Mwenye nyumba alitaka upakwe plasta kabla ya mwisho wa mwezi, wapangaji wapya wasiuone. Nilimwomba msimu mmoja wa mvua. Nikamweleza kwamba plasta mpya ingepasuka palepale na pesa zake zingekuwa zimeenda.

Tuliweka skrubu. Kabla ya mvua hazikusogea. Mvua za Aprili zilipoanza, pande mbili za pembetatu zilirefuka kila wiki, kidogo, bila kurudi nyuma. Mpira wa maji ukaonyesha nguzo mbili za nyuma zimeshuka na za mbele ziko palepale. Nyuma ndiko kulikokuwa na shimo la maji machafu.

Nilipeleka daftari kwa mhandisi. Alikaa nalo muda, akafungua mchoro, akaweka kidole kwenye shimo hilo na kusema tuchimbe hapa. Tulikuta bomba limeachana kwenye kiungo, na maji ya vyoo vya ghorofa zote yalikuwa yakiingia kwenye majivu chini ya msingi. Mkono wangu wote ulizama ndani ya pango bila kugusa mwisho. Wapangaji wa vyumba vya nyuma wakahamishiwa vya mbele, jengo likaegemezwa, pango likajazwa zege kwa awamu kama mhandisi alivyoelekeza, bomba likawekwa upya na shimo likasogezwa mbali na jengo. Vipimo vikatulia. Mvua zilizofuata zilipita bila badiliko, na hapo ndipo tulipopaka plasta.

Jengo lile lingesimama vipi kwenye tetemeko, kona moja ikiwa juu ya pango? Kila ninapoulizwa namna ya kujiandaa kwa tetemeko, mimi huanza na mabomba.

Tetemeko linatafuta nini

Jengo limejengwa kubeba uzito unaoshuka chini. Tetemeko linalisukuma kwa ubavu. Kwa hiyo kagua mambo haya hata kama huna ufa wowote.

Ghorofa ya chini ya maduka. Mbele kote ni milango ya chuma, hakuna ukuta, na juu yake kuna vyumba vilivyojaa kuta. Ghorofa hiyo ya chini ni laini kuliko zilizo juu, na nguvu zote za ubavu zinaishia kwenye nguzo chache. Usikubali mpangaji wa duka abomoe ukuta wa katikati apate nafasi, wala achimbe nguzo kupitisha waya. Kama kuta zimeshabomolewa, mhandisi aseme zirudishwe wapi.

Ghorofa zilizotokeza nje ya nguzo kuelekea barabarani. Angalia boriti zinazoshikilia sehemu hiyo, hasa juu yake, karibu na nguzo. Ufa hapo ni wa haraka.

Tangi za maji juu ya paa. Lita 5,000 ni tani tano, lita 10,000 ni tani kumi, na ziko mahali jengo linapoyumba zaidi. Tangi iwe juu ya nguzo au boriti, isiwe katikati ya slabu, na jukwaa lake lifungwe kwenye jengo. Mawe manne yaliyopangwa bila saruji si jukwaa.

Kuta ndogo za pembeni mwa paa, mawe ya mapambo, na pembetatu ya mawe chini ya paa la mabati. Haya ndiyo huanguka kwanza, tena kwenye mlango ambao watu wanatokea. Yasukume kwa mkono. Yakicheza, yabomolewe yajengwe upya na vyuma ndani.

Kwa nyumba ya chini ya mawe, uliza kama kuna mkanda wa zege wenye vyuma unaozunguka kuta zote juu ya madirisha bila kukatika. Nyumba isiyo nao, kuta zake hufunguka kwenye kona, kila ukuta ukaenda kivyake. Kama bado unajenga, usiruhusu mkanda huo uishie juu ya madirisha tu kuokoa saruji. Kwenye nguzo, ringi za chuma zinazofunga vyuma vya wima zikaribiane zaidi karibu na maungio ya juu na chini, na ncha zake zikunjwe kuingia ndani ya zege. Simama hapo kabla zege halijamwagwa, uhesabu ringi kwa mkono wako. Baada ya kumwagwa hakuna wa kukuonyesha. Kenya imekuwa na mwongozo wa ujenzi wa kuhimili tetemeko tangu 1973, na Kanuni za Taifa za Ujenzi za 2024 zilianza kutumika Machi 2025. Fundi akikuambia hapa kwetu hakuna sheria ya mambo hayo, tafuta mwingine.

Siku ya mtikisiko na saa inayofuata

Waambie wapangaji mapema, mkiwa mmekaa kikao, si kwa karatasi iliyobandikwa ukutani. Jengo likitikisika, inama, ingia chini ya meza imara, ushikilie mguu wake. Mbali na vioo na kabati. Usikimbilie ngazi wakati jengo linayumba. Ngazi huumiza wengi. Likitulia, funga gesi kwenye mtungi, zima swichi kuu, mshike mtoto, vaa viatu, utoke na ukae mbali na ukuta na nyaya za stima. Mitikisiko mingine hufuata, na jengo lililojeruhiwa na wa kwanza linaweza kuanguka kwa wa pili ulio mdogo.

Usirudi ndani kwanza. Lizunguke nje. Limeinama? Nguzo za chini zimebanduka? Ghorofa ya kwanza imekaribia ardhi kuliko jana? Ardhi imepasuka karibu na msingi? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya hayo, hakuna anayeingia, hata kuchukua kitambulisho. Kama nje ni salama, ingia na mtu mmoja tu mkiwa na daftari. Hapa ndipo kazi yote ya mwaka inapokulipa: unafungua ukurasa, unaangalia vistari vya penseli, na kwa nusu saa unajua ufa upi ni wa zamani, upi umerefuka na upi umezaliwa leo. Bila daftari kila ufa utaonekana mpya. Wapangaji watalala nje bila sababu, au kibaya zaidi watalala ndani bila kujua.

Wakati wa kuondoka bila kupima

Kuna dalili ambazo hazingoji kalipa. Sauti ya mlio au kupasuka ndani ya nguzo. Mlango uliofunguka jana, leo umebanwa, na wa jirani pia. Vumbi linadondoka kwenye slabu bila mtu kutembea juu. Zege la nguzo linavimba au vyuma vimepinda kwenda nje. Ufa uliofunguka ndani ya saa chache ukaingiza kidole. Maji yanatuama katikati ya slabu mahali ambapo hayakuwa yakituama.

Ukiona moja ya hizi, gonga milango yote na utoe watu. Magodoro yabaki. Piga 999 au 112, na Msalaba Mwekundu ni 1199. Tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa sita liliporomoka Huruma, Nairobi, usiku wa mvua kubwa, na watu zaidi ya arobaini wakafa. Lilikuwa limeshawekewa alama ya kubomolewa, na watu walikuwa bado wanalipa kodi ndani. Alama ukutani haimtoi mtu chumbani. Anayemtoa ni jirani au msimamizi anayegonga mlango.

Kumkabili mwenye nyumba

Mpangaji akimwendea mwenye nyumba na kusema "Mzee, naogopa ule ufa," mara nyingi ataambiwa atafute kwingine. Akimwendea na daftari lenye vipimo vya miezi mitano, mazungumzo hubadilika. Mwambie hivi: "Mzee, ufa namba 4 umefunguka milimita mbili tangu Februari na nguzo za nyuma zimeshuka. Naomba mhandisi aone kabla ya mvua." Umempa namba, mahali na tarehe. Mpe pia nafasi ya kuokoa jengo lake, kwa sababu kurekebisha bomba ni rahisi kuliko kurekebisha msingi.

Akikataa, andika barua kwa idara ya majengo ya kaunti na kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, wapangaji kadhaa wakitia sahihi, na uambatishe nakala za kurasa. Barua ya watu wengi haimwelekezi mwenye nyumba kwa mtu mmoja wa kufukuza. Omba mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

Mhandisi awe amesajiliwa na Bodi ya Wahandisi, na aje mwenyewe, asitume kijana apige picha. Mruhusu agonge nguzo kwa nyundo yake ya kupima ugumu wa zege na, akiona haja, akate sampuli zipelekwe maabara. Mwulize maswali matatu: nini kinasababisha, watu wakae au watoke wakati wa matengenezo, na tuendelee kupima wapi. Majibu yawe kwa maandishi, yenye jina lake, namba yake ya usajili na sahihi. Ripoti hiyo ibandikwe ndani ya jalada la daftari, na nakala moja ikae kwa mpangaji anayeaminiwa na wenzake, kwa sababu wasimamizi hubadilishwa na wenye nyumba huuza majengo.